Kutoka mwisho wa reli hadi Monte Carlo: namna ya kuandaa usiku wa kasino usiokuvunja moyo

Mtu wa Kigoma akipata safari ya Ufaransa, iwe kwa masomo, biashara au kumtembelea ndugu, na akasikia kwamba Monte Carlo, mtaa wa nchi ndogo ya Monaco, iko chini ya nusu saa kwa treni kutoka Nice, ni vigumu kurudi Ujiji bila kuiona. Tatizo ni kwamba wengi hutoka kule wamenuna. Sababu zenyewe hujirudia: walizuiwa mlangoni, au dau la meza lilizidi mfuko, au pesa iliisha ndani ya dakika 20 wakati treni ya kurudi bado iko mbali. Yote matatu yanazuilika ukiwa bado nyumbani, na kazi kubwa inafanyika juu ya mkeka, kwa kete za bao.

Jua kwanza unachokwenda kuona

Kasino ya Monte Carlo ilianza mwaka 1863 kwenye kilima kilichokuwa karibu kitupu. Miaka 3 baadaye kilima kikapewa jina la mtawala wa wakati huo, Charles III, ndiyo maana ya Monte Carlo. Aliyeiendesha alikuwa François Blanc, ambaye huko Homburg, Ujerumani, mwaka 1843 alishaondoa sifuri ya pili kwenye ruleti, mchezo wa mpira mdogo unaoangukia namba nyekundu au nyeusi kwenye gurudumu, ili kuwavuta wachezaji. Lakini mji haukushamiri mpaka reli kutoka Nice ilipofika mwaka 1868. Anayetoka Kigoma, ambako reli ya kati iliingia mwaka 1914 na kuibadilisha kabisa bandari, ataelewa haraka jambo hilo.

Jengo ndilo bora kuliko chochote kinachofanyika ndani yake. Ukumbi wa kuingilia umezungukwa na nguzo 28 za jiwe la oniksi, na nyuma yake kuna ukumbi wa opera uliosanifiwa na Charles Garnier, yuleyule wa opera ya Paris, uliofunguliwa mwaka 1879. Saa za asubuhi kumbi za kasino hutembelewa kwa tiketi kama makumbusho, bila mtu kucheza chochote. Michezo huanza mchana. Hakikisha saa na kiingilio cha siku hiyo kabla ya kupanda treni, maana hubadilika. Ushauri wetu ni kwenda mara mbili siku hiyohiyo: asubuhi kwa ajili ya macho, jioni kwa ajili ya meza. Ambaye dini yake haimruhusu kamari, na Ujiji wako wengi, asubuhi hiyo inamtosha na hajakosa kitu chenye thamani. Raia wa Monaco wenyewe hawaruhusiwi kucheza humo kwa sheria ya nchi yao.

Zoezi la kete 64

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Idadi hiyo inafaa sana kujifunzia ruleti.

Chukua daftari la hesabu, kata vikaratasi 37 vya ukubwa mmoja, andika 0 hadi 36, kunja kila kimoja mara mbili. Vitumbukize kwenye sufuria yenye mdomo mpana. Karatasi ngumu kwa laini zisichanganywe, vidole huzitambua. Mmoja achote, mwingine aandike. Kila mchoto weka kete 1 kwa namba witiri: ikitoka witiri unaongezewa kete 1, ikitoka shufwa kete yako inakwenda. Na hapa ndipo mwalimu wa hesabu atakapobisha: darasani sifuri ni shufwa, ila kwenye ruleti sifuri si shufwa wala witiri, si nyekundu wala nyeusi. Ikitoka, waliobeti pande zote mbili wanapoteza. Faida ya kasino imekaa kwenye kikaratasi hicho kimoja.

Kosa linaloharibu zoezi ni kusahau kurudisha kikaratasi baada ya kukisoma. Usiporudisha, namba zilizobaki zinakuwa na nafasi kubwa zaidi, na utajiaminisha kwamba ruleti ina kumbukumbu. Rudisha, tikisa sufuria, ndipo uchote tena.

Fanya michoto 64. Kwa wastani utapungukiwa kete kama 2, kwa sababu kasino hubakiza asilimia 2.7 ya kila dau. Ila wastani ni jambo moja na usiku mmoja ni jambo jingine. Ukirudia zoezi mara 20, karibu mara 19 utajikuta kati ya kupungukiwa kete 18 na kuongeza kete 14. Yaani kushinda usiku mmoja ni jambo la kawaida kabisa, na halionyeshi kwamba umegundua siri.

Sasa rudia kwa kuweka kete 1 kwenye namba moja unayoipenda, tuseme 17. Ikitoka unalipwa kete 35 na ile yako unabaki nayo. Inaonekana kama neema, lakini kati ya watu 100 watakaochota mara 64, wapatao 17 hawataiona namba yao hata mara moja. Kete zote 64 zitakuwa zimekwenda. Anayetaka jioni ndefu abaki kwenye rangi au witiri na shufwa. Anayetaka mapigo ya moyo aweke namba, akijua anachonunua.

Zoezi la tatu ndilo muhimu kuliko yote: kuzidisha dau mara mbili kila unapopoteza. Kila kijiwe cha kubeti, kuanzia Mwanga hadi Kasulu, kina mtu anayeamini ujanja huu. Weka 1, ukipoteza weka 2, kisha 4, 8, 16, 32. Jumlisha: kete 63. Mipoteo 6 mfululizo na lundo lote la bao limekwisha; dau la saba linadai kete 64, nawe umebaki na 1 na kile kidogo ulichokuwa umeshinda. Watu husema mipoteo 6 mfululizo haiji. Ukianza sasa hivi, nafasi yake ni kama 1 kati ya 55, ni kweli. Lakini jioni ya mizunguko 64 ina mianzo mingi, na katika jioni 5 za namna hiyo, kama 2 zitakutana nayo. Na ukifanikiwa, kila mzunguko wa kuzidisha unakuletea kete 1 tu.

Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye ruleti ya Monte Carlo hiyohiyo, mpira uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Walioumia zaidi ni waliokuwa wakiongeza dau kwenye nyekundu kwa imani kwamba sasa ni zamu yake. Leo meza nyingi zina kioo kinachoonyesha namba zilizotoka. Usikitazame. Sufuria yako imeshakufundisha kwamba kikaratasi hakijui kilichochotwa kabla yake.

Kugawa pesa

Chukua kiasi ambacho kikipotea chote hakitagusa kodi, ada wala nauli. Kigawe kwa 64. Jibu ndilo dau lako. Ukifika mezani tafuta kibao kidogo kinachotaja dau la chini. Kama ni kubwa kuliko jibu lako, meza hiyo si yako. Mfano: una euro 128, dau lako ni euro 2. Meza inayodai euro 5 itakupa madau 25 tu, na hapo ndipo pesa huisha mapema. Tazama wengine wakicheza, au cheza hayo 25 polepole, ukiruka mizunguko. Hakuna anayekulazimisha kuweka kila mara.

Meza yenye watu hupata mizunguko 30 hadi 40 kwa saa. Kwa hiyo dau la euro 5 kila mzunguko, mara 40, ni euro 200 zilizopita mezani, na gharama ya wastani ni euro 5.40 kwa saa. Linganisha na bei ya kinywaji humo ndani, huenda kinywaji kikakuumiza zaidi.

Uliza pia aina ya meza. Sifuri moja, asilimia 2.7. Sifuri mbili, asilimia 5.26. Zipo za sifuri tatu, asilimia 7.69, nazo zikwepe popote utakapozikuta duniani. Baadhi ya meza za kanuni ya Kifaransa hurudisha nusu ya dau la rangi, au huliweka kifungoni kusubiri mzunguko unaofuata, sifuri inapotoka. Hapo asilimia inashuka hadi 1.35. Kwenye blakijeki, mchezo wa karata wa kukaribia 21, swali ni moja: ukipata 21 kwa karata mbili za kwanza, wanalipa 3 kwa 2 au 6 kwa 5? Dau la 10 linakupa 15 au 12, na hiyo ya pili iache.

Kadi ya benki ibaki mahali unapolala. Na usimwache mtu nyumbani akiwa tayari kukutumia za kurudisha hela zilizokwenda.

Mlangoni na mezani

Beba pasipoti halisi, nakala haikubaliki. Chini ya miaka 18 haingii mtu. Viza ya Schengen ya kuingilia Ufaransa ndiyo unayoitumia hadi Monaco. Kandambili, kaptula na jezi viache. Jioni vaa suruali ndefu ya kitambaa, viatu vya kufunika na koti. Begi kubwa litabaki mapokezi, na simu ikae mfukoni kwenye kumbi ambazo watu wanacheza.

Jambo moja litakusumbua mtu uliyelelewa vizuri: usimpe mchezeshaji pesa mkononi, hata kwa mikono miwili. Iweke juu ya meza naye aichukue hapo, kwa sababu kamera lazima zione kila noti. Atakupa tokeni. Katika meza nyingi za ruleti kila mchezaji hupewa rangi yake, na tokeni hizo zina thamani kwenye meza ile tu. Ukiondoka nazo, keshia hatazipokea. Kabla ya kunyanyuka, omba ubadilishiwe ziwe za kawaida.

Mchezeshaji akitangaza kwa Kifaransa kwamba madau yamefungwa, ondoa mkono. Kuongeza au kuvuta tokeni baada ya hapo ni wizi machoni pao, hata kama umeteleza tu.

Mashine hatuna mengi ya kusema, maana wanaozijua dubwi za mtaani wanajua kishindo chake. Hatari ni mwendo. Anayebonyeza kila sekunde 6 anaweka dau mara 600 kwa saa, mara 15 ya ruleti, na asilimia inayobaki kwenye mashine haiandikwi kwenye kibao. Zipite.

Kushika ushindi

Weka mifuko miwili. Wa kushoto una tokeni ulizoanza nazo, wa kulia unapokea kila unachoshinda, na wa kulia haurudi mezani. Wa kushoto ukiisha, usiku umeisha, hata kama ni saa 3. Watu hushindwa hapa kwa sababu hutia vyote mfuko mmoja, kisha huona ushindi kama pesa ya kasino, si yao. Imekuwa yako tangu mpira uliposimama.

Kwa keshia hesabu pesa ukiwa bado dirishani. Tokeni usizopeleka hapo hazibadilishwi kwingine. Muda wa treni ya mwisho ya Nice uwe umeuandika tangu asubuhi, na utoke dakika 40 kabla yake: kituo cha Monaco kimechimbwa ndani ya mwamba, na kutoka uwanja wa kasino ni mwendo wa dakika 15 hivi kwa miguu, ukihesabu na lifti na vijia vya chini ambavyo usiku ni rahisi kuvipotea.