Somo: Mfunge mbuzi kwenye kigingi kilichokwisha simama (mazoea madogo ya kila siku)

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Nyawera, Bukavu. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni niko juu ya kiti: barua za maombi ya kazi, mialiko ya ndoa, matangazo ya kilio, na kazi za mwisho za wanafunzi wa chuo, ambao wote huja siku moja kabla ya kuzipeleka. Umeme ukikatika siinuki. Nakaa palepale nikingoja urudi, telefone mkononi.

Miaka mitatu iliyopita nilipimwa presha. Daktari, kijana wa rika la mwanangu, akaniuliza: "Papa, unatembea?" Nikasema natembea sana. "Kutoka wapi mpaka wapi?" Hapo nikatafuta jibu, nikalikosa. Asubuhi moto (pikipiki ya abiria) hunichukua mlangoni na kunishusha mbele ya kibanda. Jioni ni vilevile.

Siku hiyo niliandika maazimio kumi kwenye karatasi safi, herufi kubwa, nikayabandika ukutani. Kukimbia kila asubuhi, kusoma kurasa 20, kuacha sukari, kujifunza Kiingereza, mengine nimeyasahau. Wiki ya tatu nilikosa karatasi ya kujaribia wino wa mashine, nikaibandua ile, nikatumia upande wa nyuma.

Kilichonifaa baadaye ni kidogo kuliko hayo yote, na ndicho ninachowaletea.

Hatua ya 1: Tafuta kigingi

Mbuzi ukimwacha bila kamba, jioni utamtafuta kwa jirani. Zoea jipya ni hivyo hivyo. Kigingi chake ni jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa: kuwasha mbabula (jiko la mkaa), kungoja bidoni ijae kwenye robine (bomba), kufagia mlangoni, kufunga kazi. Chukua karatasi uandike siku yako tangu unapofumbua macho mpaka unapolala. Usiandike unayotamani, andika unayofanya.

Mimi nilipata kumi na moja. Kilicho imara kuliko vyote kilikuwa mbabula, maana kwetu mke wangu hupika lakini makala (mkaa) ni kazi yangu. Msimu wa mvua, makala yakiwa na unyevu, huchukua robo saa na zaidi kushika moto. Zamani robo saa hiyo niliimaliza nikipepea kwa mkono mmoja na kufungua WhatsApp kwa mwingine. (Mbabula iwe nje, tafadhali, hata kukiwa na baridi. Makala yakiwaka hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka, na imekwisha kuua watu waliolala wamefunga madirisha.)

Hatua ya 2: Lipunguze mpaka uone haya

Nusu ukurasa wa kitabu. Kikombe kimoja cha maji. Kunyoosha mgongo mara tano. Ukimwambia rafiki yako naye asicheke, bado ni kubwa mno. Mimi nilianza kwa kusimama wima kando ya mbabula, mikono juu, pumzi kumi za polepole. Basi. Mwezi mzima ni hilo tu. Watoto walidhani nimeingia kanisa jipya.

Watu wanasema zoea hushika kwa siku 21. Msiishike hesabu hiyo. Watafiti wa University College London, katika kazi iliyotolewa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96, kila mmoja na zoea alilojichagulia. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuanza kujiendesha lenyewe, lakini kwa mmoja zilikuwa 18, na kwa mwingine makadirio yalifika 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Hilo la mwisho ndilo lililonipa moyo, maana mimi nilikuwa mtu wa kukosa Jumanne moja na kuacha mwaka mzima.

Hatua ya 3: Miguu

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Dakika 30 mara tano zinatosha. Na sisi wa Bukavu tuna bahati ambayo miguu yetu huilaani kila siku: mji wote ni mlima. Kutoka Nyawera kupanda Kadutu hauhitaji mashine yoyote ya mazoezi.

Kigingi changu ni kufuli ya kibanda. Ikishalia, naondoka kwa miguu. Wiki ya kwanza nilisimama mara tatu njiani nikijifanya nanunua karanga. Kipimo cha mwendo ni rahisi: uweze kuongea, ila ukijaribu kuimba pumzi ikatae. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua na matope ni yetu, kwa hiyo viatu vya kazi vinakaa kwenye mfuko na bote (viatu vya mvua) miguuni. Giza likinikuta sijafunga, napanda moto bila aibu. Usiku wa mji wetu si wa kufanyia mazoezi.

Hatua ya 4: Gunia la lenga-lenga (mchicha)

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo moyo wangu ulipo. Parseli (kiwanja) yetu ni ndogo, imening'inia kwenye mteremko, na ukilima ardhi mvua inaishusha yote chini. Lakini gunia linasimama popote.

Chukua gunia la nailoni, lile la unga au la makala. Changanya udongo mafungu matatu na samadi iliyooza mafungu mawili. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Tafuta kopo kubwa la maziwa, likate kichwa na kitako libaki kama bomba, ulisimamishe katikati ya gunia na kulijaza changarawe. Jaza udongo kuzunguka kopo, kisha livute juu polepole: mawe yanabaki, kopo linapanda. Jaza tena, vuta tena, mpaka gunia lifike kiunoni. Ukimaliza una nguzo ya mawe katikati, na maji ukiyamwagia hapo yanafika mpaka chini. Bila nguzo hiyo juu panakuwa bwawa na chini jangwa. Nililifanya kosa hilo kwenye gunia la kwanza.

Mbegu za lenga-lenga ni ndogo kuliko chembe ya chumvi. Zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kumwaga, usije ukafanya kama mimi: nilimimina pakiti nzima mahali pamoja, baada ya siku tano zikaota kama ndevu za muzee. Ilibidi kung'oa nyingi. Hazikupotea, tulizila. Zifunike kwa udongo mwembamba tu. Ubavuni toboa matundu, shubiri moja kati ya tundu na tundu, upandikize miche iliyozidi juu.

Wiki tatu au nne unaanza kukata. Usiing'oe na mzizi. Kata shina ukiacha majani mawili au matatu chini, nayo itachipua matawi ukate tena. Kigingi chake ni maji yaliyooshea mboga jioni, yasiyo na sabuni; badala ya kumwagwa mlangoni yanakwenda kwenye gunia. Kila jioni dakika tano, nageuza majani, naokota viwavi. Mtu aliyeshinda akitazama kioo cha kompyuta hajui macho yake yamechoka kiasi gani mpaka aangalie upande wa chini wa jani jekundu.

Hatua ya 5: Kitu kimoja kisichouzwa

Majirani walipoliona gunia, swali la kwanza lilikuwa: "Fungu moja unauza ngapi?" Siwalaumu. Maisha yametufundisha kwamba anayeshona auze, anayeimba alipwe, anayefuga ahesabu. Lakini nilipoanza kupiga hesabu za mafungu nililichukia gunia ndani ya wiki mbili. Likawa kibanda kingine. Niliacha kuuza, nikalipenda tena.

Kwa hiyo mwenye shida ya pesa atafute kazi ya pili, wala hakuna ubaya, ila hiyo asiiite starehe. Abaki na kitu kimoja ambacho hakina bei: korali, kufuma, kuchora, kupika chakula cha kwa bibi yako Jumapili. Mimi nina dame, mchezo wa kete. Ubao ni kipande cha triplex kilichochorwa kwa kalamu, kete ni vifuniko vya chupa za bia na za soda. Jirani yangu fundi viatu amenipiga mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika.

Hatua ya 6: Usiku

Fupi. Daftari la shule, mistari mitatu kabla ya kulala: kilichonichosha, kilichonifurahisha, cha kwanza kesho. Kisha telefone inakwenda mbali. Mtu mzima anahitaji walau saa saba za usingizi, na kuamka saa ileile kila siku husaidia kuliko kulipiza usingizi Jumapili.

MASWALI YA WASOMAJI

Mama wa Bagira: Papa, mimi naamka saa kumi usiku, nabeba mzigo mpaka soko, narudi na mzigo mwingine, napikia watoto sita. Hayo mazoezi nitayafanya saa ngapi?

Mama, usifanye hata moja. Nimeandika kwa wanaokaa. Mwili wako unatembea na kubeba kuliko wa kwangu wa wiki nzima, na unachokosa ni kupumzika. Zoea lako liwe kulala chali dakika kumi ukifika nyumbani, miguu juu ya kiti, kabla hujagusa sufuria. Kigingi ni kuvua kitenge cha kubebea. Mwambie mtoto mkubwa awashe moto wakati huo. Asipotaka, mwonyeshe nilichoandika hapa.

Kijana wa Kadutu: Yaya (kaka), nakubali yote ila telefone. Kwetu umeme unarudi usiku tu, lazima nichaji kitandani. Nikiishika najikuta ni saa saba usiku.

Mdogo wangu, lazima uchaji. Kitandani si lazima. Nunua rallonge (waya wa kurefushia umeme) ndefu, ichaji karibu na mlango, mahali ambapo ukiitaka utakanyaga sakafu ya baridi. Na saa ya kuamsha ya betri inapatikana sokoni kwa bei ndogo. Ukiwa nayo, kisingizio cha "naihitaji kuniamsha" kimekufa. Ukishindwa leo usijitukane. Kesho isogeze tena mlangoni.

Muzee wa Goma: Huku hatuna milima yenu, tuna mawe ya volkeno. Magoti yanauma nikitembea juu yake. Nifanyeje?

Jambo Muzee, na pole. Chagua sehemu ya lami au iliyosawazishwa, hata ikiwa fupi uizunguke mara nyingi. Nyumbani, kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kushika kitu, kaa tena polepole. Mara tano asubuhi, tano jioni. Hiyo huimarisha misuli ya mapaja inayolisaidia goti. Likiwa limevimba, lina joto au linakukatalia kusimama, hapo achana na maandishi yangu, nenda ukaonwe hospitalini.

Dada wa Panzi: Mimi shida si mwili. Ni habari. Kila sauti ya usiku naamka, nafungua telefone kuona kumetokea nini, na silali tena.

Dada, hilo wengi tunalo na si udhaifu wako. Kilichonisaidia ni kuzipa habari saa zake: redio mara moja asubuhi, mara moja jioni kabla ya chakula, na vikundi vyote vya WhatsApp kunyamazishwa katikati. Mtu mmoja wa nyumbani akubaliwe kuwa ndiye atakayewaamsha wengine kama kuna jambo la kweli. Mkipokezana, waliobaki wanalala. Mapigo ya moyo yakikimbia, toa pumzi ndefu kuliko unavyoivuta, mara kumi. Lakini ikiwa ni wiki nyingi, unaota mambo yaleyale au huna hamu ya kula, pumzi hazitoshi. Ongea na muuguzi wa kituo cha afya cha karibu, au fika SOSAME, hospitali ya afya ya akili hapa Bukavu, ndiyo kazi yao. Usiende peke yako ikiwa unaogopa.

Mwalimu wa Lubumbashi: Niliruka wiki mbili nzima kwa sababu ya mitihani. Naanza hesabu upya?

Hapana, Mwalimu. Endelea ulipoachia, ila kwa kipimo cha siku ya kwanza kabisa, kile cha kuonea haya. Na kigingi chako kilikuwa nini? Kama kilikuwa kengele ya shule, basi kila likizo mbuzi atapotea. Tafuta kingine cha nyumbani.

Mama wa Nguba: Gunia nimelifanya kama ulivyoandika, nguzo ya mawe na yote. Kuku wa jirani wamelichakura lote asubuhi moja. Unawazuiaje?

Nilijaribu miiba, wakairuka. Nilijaribu kumtuma mtoto akalinde, akalala. Mwishowe nilinunua mita tatu za wavu nikampelekea jirani kwa banda lake, pamoja na fungu la lenga-lenga. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko kugombana, na sasa samadi ya gunia la pili inatoka kwake. Iache ioze miezi miwili kwanza, Mama. Ya kuku ni kali.