Kompresa ya "HP 3" ina HP ngapi kweli? Piga hesabu mwenyewe

Stika iliyobandikwa kwenye tangi ni ya kuuzia. Ukitaka nguvu halisi, inama usome kibati kilichopigwa ribiti ubavuni mwa mota. Hapo kuna volti, ampea, na mara nyingine kW.

HP 1 (nguvu ya farasi mmoja) ni wati 746. Kibati kikiwa na kW, gawa kwa 0.746: kW 1.5 ni HP 2. Kikiwa na ampea tu, kwa umeme wa fezi moja:

volti × ampea × pawa fakta × ufanisi ÷ 746

Pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) na ufanisi (sehemu ya hiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kuzungusha) visipoandikwa, kwa mota ndogo weka 0.85 na 0.75. Mota ya volti 230 na ampea 9.5 inakupa HP 1.87, hata kama stika inapiga kelele HP 3. Kwa fezi tatu tumia volti 400, kisha zidisha na 1.732.

Ukiwa dukani huna kalkuleta, tazama plagi. Ile ya pini tatu bapa mwisho wake ni ampea 13, yaani kama HP 2.5 tu kwa hesabu hiyohiyo. "HP 5" yenye plagi ya pasi ni maneno matupu.

Ila kinachopaka rangi ni upepo, siyo HP. Kompresa ya pistoni ya kawaida hutoa kama lita 100 kwa dakika kwa kila HP 1 ya kweli. Namba kubwa ya lita iliyoandikwa kwenye boksi huwa ni nafasi inayopitiwa na pistoni. Upepo unaotoka ni kama asilimia 60 hadi 70 ya hiyo.

Kuupima ni rahisi. Toa kwanza maji yote kwa koki ya chini, maana yanakula nafasi ya upepo. Funga koki ya kutolea, washa, na kwa saa ya simu hesabu sekunde geji inapotoka bar 5 hadi 7. Zidisha lita za tangi kwa bar 2, gawa kwa dakika. Tangi la lita 100 likitumia sekunde 60, una lita 200 kwa dakika.

Hapo ndipo wengi Mwanza wanapoilaumu mashine bure. Mji uko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam. HP 2 nzima hapa hutoa lita 175 hivi, kwa hiyo kwa tangi lile la lita 100, sekunde 68 au 70 si ugonjwa. Ikipita 80, kagua chujio la hewa, mkanda unaoteleza, valvu, halafu ringi. Injini ya petroli nayo hupungukiwa vivyo hivyo: anayepaka mitumbwi ufukweni kusikofika umeme ajue HP 5.5 yake inabaki karibu 4.8.

Kuchagua, chukua lita za kifaa kwa dakika, zidisha kwa 1.3 ili ubaki na akiba, gawa kwa 88 (zile lita 100 za kila HP ukitoa asilimia 12 ya Mwanza). Bunduki ya rangi ya presha ndogo inayokula lita 300 inataka HP 4.4, yaani ununue 5 na ulete fezi tatu. Ukilazimisha HP 2, presha inaanguka ukiwa katikati ya mlango wa Hiace na rangi inatoka matone. Bunduki ya kufungulia nati ya nusu inchi hula lita 120 hadi 140, na kwa kuwa inapumzika kati ya nati na nati, HP 2 inaiweza. Tairi za bodaboda hazihitaji hata hesabu.

Mota ikinguruma bila kuzunguka, usikimbilie kubadilisha kapasita (kifaa kinachoisaidia mota kuanza). Wakati wa kuwaka huvuta ampea mara 5 hadi 7 ya kawaida, na ekstensheni nyembamba inaangusha volti. Kwa HP 2 tumia waya wa mm² 2.5, mfupi; ukitaka kufika mbali, refusha mpira wa upepo. Sikiliza pia presha swichi, ile inayowasha na kuzima mota kufuata presha ya tangi: mashine ikijizima lazima itoe "pssss". Isipotoa, valvu ya kuachia imekwama, na mota inawaka ikisukuma pistoni yenye presha juu yake.