Somo: Kumwandaa mtoto kwa shule, kuanzia mgongoni mpaka darasa la kwanza

Habari za wakati huu, wazazi wenzangu wa kundi hili. Kila uandikishaji ukikaribia naulizwa swali lile lile: "Mwalimu, mwanangu anajua a mpaka z, si yuko tayari?" Nafundisha darasa la awali hapa Dodoma mjini, na huwa nauliza na mimi: anaweza kufungua kaptula yake mwenyewe? Mzazi anacheka. Lakini mtoto akishindwa na kifungo, akajikojolea na wenzake wakamzomea, Jumatatu inayofuata analia getini, na hizo herufi zote hazimtoi pale.

Wazee walikuwa na kipimo chao: pitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili, haya, nenda shule. Kwa zama ambazo vyeti vilikuwa adimu kilikuwa kipimo cha maana, maana mikono hurefuka na umri. Ila hakikuonyesha kama sikio lenyewe linasikia. Siku hizi utaratibu ni mwaka mmoja wa awali mtoto akiwa na miaka 5, kisha darasa la kwanza akiwa na 6. Maandalizi yanaanza mbali zaidi ya hapo.

Hatua ya 1: Kuzaliwa mpaka mwaka mmoja

Hapa nitapita haraka, kliniki wanafundisha vizuri. Maziwa ya mama pekee miezi 6, kisha uji na vyakula vingine huku ananyonya. Usiruke chanjo, ile ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na kurudiwa miezi 18, na wengi huisahau hiyo ya pili kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia. Cheti cha kuzaliwa kishughulikie sasa, usisubiri aulizwe shuleni.

Jambo moja la kwetu hapa: nafaka. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi au karanga zenye ukungu usizipeleke mashineni kwa kuwa "ni za uji wa mtoto tu". Huyo ndiye wa kuogopewa zaidi, mwili wake ni mdogo.

Na ongea naye. Unamwogesha, mwambie unaosha mguu. Akikujibu kwa sauti zake, nyamaza kidogo umsikilize, kisha umjibu.

Hatua ya 2: Mwaka 1 mpaka 3

Umri huu ni wa maneno. Mtoto wa miaka miwili anatakiwa awe anaunganisha maneno mawili: "mama maji", "baba kaenda". Akifika hapo bila kuunganisha, au ukimwita kwa nyuma hageuki, mpeleke kituo cha afya akapimwe masikio. Usikubali kuambiwa "hata mjomba wake alichelewa kuongea". Huenda ni kweli, lakini kumpima hakumdhuru.

Simu: Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku. Najua simu inanyamazisha mtoto ukiwa unapika. Mpe sufuria na mwiko. Kelele utapata, lakini na mtoto mchangamfu utampata.

Hatua ya 3: Miaka 3 na 4

Hapa ndipo ninapogombana na wazazi. Mtoto wa miaka mitatu anapelekwa tuisheni, anashikwa mkono aandike a, a, a mpaka ukurasa uishe. Vidole vyake bado laini. Anaishika penseli kwa ngumi nzima, anaibana mpaka karatasi inatoboka, na akifika kwangu miaka miwili baadaye mshiko huo haubadiliki kirahisi.

Dawa ya vidole ipo nyumbani kwako: karanga. Kaa naye na ungo, mwache abangue. Angalia mkono: dole gumba na kidole cha shahada vinabana ganda, cha kati kinashikilia kwa chini, ganda linalia *tap*. Ndivyo penseli inavyoshikwa. (Kaa karibu. Karanga nzima humkaba mtoto mdogo, kwa hiyo hapa anabangua, za kula asagiwe.) Kuchambua mawe kwenye choroko, kufinyanga udongo, kukamua nguo ndogo ndogo, yote ni kazi ile ile. Akitaka kuchora, mchanga umejaa uani, achore kwa kidole afute.

Hesabu nayo iko humo humo. "Tuko wangapi leo? Leta sahani." Akileta tano na mko sita, usimwambie kakosea, gawa sahani, mmoja akose, agundue mwenyewe. Mtoto anayeimba moja mpaka ishirini bila kugusa kitu anaimba tu.

Jioni tega vitendawili, simulia hadithi, halafu ubadilishe: leo yeye ndiye msimulizi. Akiruka kipande, muulize "halafu sungura akafanyaje?" Mtoto aliyezoea kupanga tukio la kwanza, la pili na la mwisho ndiye atakayeelewa anachokisoma baadaye.

Hatua ya 4: Miaka 5, mwaka wa awali

Mwandikishe awali. Kwenye shule za serikali hakuna ada. Sare na daftari ni juu yako, na chakula cha shuleni mara nyingi wazazi huchangia kwa makubaliano.

Ukitaka kumsaidia kusoma, tumia sauti za herufi. Sema *mmm*, *a*, *ma*. Ukimfundisha "em" na "ei" akifika darasani anasoma "emei" mahali pa "ma", na mwalimu anaanza kubomoa kabla ya kujenga. Anzia jina lake, ndilo neno analolipenda.

Macho yake yaangalie. Vikope ni ugonjwa wa siku nyingi katika mkoa wetu, na Kongwa watafiti wamekuwa wakiufuatilia tangu miaka ya 1980. Uso unawe kila asubuhi hata kama maji ni ya ndoo moja. Mtoto anayesogeza picha puani au anayekunja uso akitazama mbali, apimwe kabla hajaitwa mzito.

Hatua ya 5: Miezi miwili ya mwisho

Nunua sare yenye lastiki kiunoni. Mfundishe choo cha shimo kama amezoea poti. Wengine wanaogopa lile tundu na wanabana mpaka nyumbani. Ajue jina lake kamili, la mzazi na la mtaa wenu. Aanze kulala mapema, maana watoto wa umri huu wanahitaji kati ya saa 10 na 13 za usingizi. Tembeeni njia ya shule pamoja, na kama inakatiza korongo, mwonyeshe: maji yakiwa yanapita, hata ya kufika kwenye vifundo vya miguu, havuki. Muhula unaanza Januari, na Januari kwetu ndiyo mvua.

Tena nawaomba: acheni kumtisha mtoto na mwalimu. "Ngoja uende shule, utachapwa ushike adabu." Halafu siku ya kwanza unanikabidhi, unashangaa anavyong'ang'ania kanga yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Nkuhungu: Mwalimu, mwanangu ana miaka 4. Wa jirani wa umri huo anaandika mpaka jina. Wangu anakimbizana na kuku tu. Nimechelewa?

Hujachelewa, mama. Anaongea sentensi ndefu? Anavaa mwenyewe? Anaweza kukaa na hadithi mpaka iishe? Kama ndiyo, mwache na kuku wake, ila mwambie awahesabu jioni wakiingia bandani.

Babu wa Mpwapwa: Mjukuu anaishi nasi, anaongea Kigogo tu. Mama yake anasema tuache Kigogo ili asipate shida shuleni.

Shikamoo babu. Msiache. Anayejua kueleza mambo vizuri kwa Kigogo ana akili ya kueleza, Kiswahili atakijaza juu yake. Mwongezee Kiswahili kwa kucheza na wenzake, na ajifunze mapema sentensi za kumwokoa: "Mwalimu, naomba kwenda chooni", "Naumwa", "Sijaelewa". Hadithi zako endelea nazo kwa Kigogo, tena zile ndefu.

Baba wa Kisasa: Binti yangu ana miaka mitano na nusu, anasoma gazeti. Nimpeleke moja kwa moja darasa la kwanza?

Hongera, lakini hapana. Mpeleke awali. Kusoma anajua, kusubiri zamu, kushindwa kwenye mchezo bila kususa na kumsikiliza mtu asiye mzazi wake sijui kama anajua. Mweleze mwalimu kiwango chake ampe vitabu.

Mama wa Kondoa: Wangu anatumia mkono wa kushoto. Bibi yake anamchapa vidole.

Mwombe bibi kwa heshima aache kuchapa. Mkono wa kula ni adabu ya nyumba yenu, zungumzeni nyumbani. Penseli iachwe mkono wa kushoto. Daftari liinamishwe kidogo kuelekea kulia, na mwalimu amkalishe upande wa kushoto wa dawati wasigongane viwiko na mwenzake.

Mzazi wa Makole: Kayumba, yaani shule ya serikali, au inglishi midiamu?

Iliyo karibu, yenye mwalimu wa awali anayewajua watoto kwa majina na choo kinachotumika. Nenda kaangalie choo kwanza.

Mama wa Bahi: Mwalimu, haya ni ya watu wa mjini. Januari sisi tuko shambani tangu alfajiri mpaka jua linazama. Hizo hadithi na sahani nizifanye saa ngapi?

Una haki kulalamika, dada. Basi fanya shambani: apange mbegu za uwele huku na za mtama kule, ahesabu mashimo, asimulie njiani. Kinachonipa wasiwasi kwako ni kingine. Darasa la awali hutoka mapema, shule nyingi kabla ya saa sita mchana, na wewe bado uko na jembe. Nani anampokea? Usimwachie dada yake wa darasa la tatu, naye yuko darasani saa hizo. Tafuteni wazazi wanne watano wa mtaa mmoja, mpange zamu: kila siku mmoja arudi mapema, awapokee wote, awape uji. Mlipange hilo Novemba, kabla ya mvua za kwanza, kwa sababu zikishanyesha hakuna atakayekubali kuacha shamba.