Kioo cha laptopu kimezima: kagua waya kabla hujanunua kipya

Juzi mwalimu mmoja wa Usa River aliniletea laptopu yake hapa Ngarenaro, Arusha. Feni inazunguka, taa ya chaji inawaka, kioo cheusi. Alishaambiwa kioo kimekufa. Hakikuwa kimekufa, na inaniuma kuona watu wanalipia kioo kizima.

Hatua ya 1. Chomoa chaji, toa betri kama ni ya kutoka, kandamiza kitufe cha kuwashia sekunde 30. Rudisha chaji, washa.

Hatua ya 2. Ingia penye giza, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona maandishi hafifu, picha ipo, ila taa ya nyuma ya kioo haipati umeme. Usipoona kitu, unganisha tivii kwa waya wa HDMI, kisha bonyeza vitufe vya Windows na P kwa pamoja. Tivii ikionyesha safi, shida huenda ipo kwenye kioo au waya wake. Nayo ikikaa kimya, anza na ramu, yaani kijikadi cha kumbukumbu: zima mashine, chomoa chaji na betri (ya ndani, soma Hatua ya 4), ichomoe, safisha meno yake kwa kifutio, irudishe mpaka ikae sawasawa.

Hatua ya 3. Fungua na kufunga kifuniko polepole. Picha ikija na kupotea, ni waya unaopita kwenye bawaba. Wa mwalimu ulikuwa umebanwa hapo.

Hatua ya 4. Kabla hujagusa waya wa kioo, chomoa plagi ya betri kwenye bodi. Kuzima mashine hakutoshi. Kwenye laptopu nyingi betri iko ndani, na umeme wa taa ya kioo unaweza kuwa bado upo kwenye bodi. Plagi ya waya wa kioo ikiingia upande, pini mbili zikagusana, fyuzi ndogo iliyo karibu na soketi inaungua. Mimi iliwahi kunipata. Nilibadilisha waya, nikabadilisha kioo, picha bado ikawa inaonekana kwa tochi tu. Siku nzima ilikwenda ndipo nikapima ile fyuzi kwa multimita, kile kipimo cha umeme, nikakuta imekatika. Tangu hapo sifungui laptopu bila multimita mezani, na sikubali fundi anayepima kwa kubahatisha.

Soketi nyingi zina kishikio chembamba cha chuma. Kiinue kwanza, halafu vuta plagi kwa mlalo, sambamba na bodi. Ukiivuta kwenda juu utang'oa soketi, na hiyo ni kazi ya kuchomelea ambayo si kila fundi anaiweza. Fremu ifungue kwa kipande cha plastiki, kamwe si kisu. Ukimaliza, rudisha utepe wa gundi juu ya plagi, na waya ufuate njia yake ileile kwenye bawaba. Kuna wanaokaza waya kwa kipande cha karatasi ili picha irudi. Sifanyi hivyo, inarudi wiki moja tu.

Hatua ya 5. Ikibidi kununua kioo, usitaje jina la laptopu dukani. Soma namba iliyo kwenye lebo nyuma ya kioo chenyewe. Vya inchi 15.6 vipo vya pini 30 na vya pini 40, na havibadilishani. Angalia pia masikio ya kufungia skrubu. Kijaribu kikiwaka kabla hujabandua nailoni yake.