Bunduki ya leva ya kuwindia: majibu ya mjomba wa Tabora kwa walio ughaibuni

Mwezi uliopita, saa sita usiku kwa saa za Tabora, mpwa wangu aliyeko Ohio alinitumia picha tatu za bunduki kwa WhatsApp. Zote za leva, zile za kusukuma mkono wa chuma chini ya kitako kama kwenye sinema za makauboi. Mbao zinang'aa kama samani za sebuleni. "Mjomba, nichukue ipi?"

Nikazikuza picha nikasoma maandishi kwenye mtutu. Zote tatu ni za .30-30, jina la aina ya risasi zinayotumia. Nikamjibu: hata moja.

Ohio, kulungu alikuwa akiwindwa kwa shotigani na gobore la kisasa. Mwaka 2014 wakaongeza bunduki kama hizi, kwa sharti kwamba ganda la risasi liwe limenyooka kama kipande cha bomba. Ganda la .30-30 lina mabega na shingo kama chupa ya soda, kwa hiyo haliingii kwenye sheria yao. Tena ukiwa porini hairuhusiwi kupakia zaidi ya risasi tatu, hata kama magazini inabeba saba. Muuza duka hawezi kujua utawinda jimbo gani. Anakuuzia, unalipa, mnaagana.

Nimekaa Pennsylvania miaka kumi na saba kabla ya kurudi Ipuli, na leva ndiyo bunduki niliyowinda nayo miaka yote hiyo. Kule bunduki inayojikoki yenyewe hairuhusiwi kwa kulungu, unakoki kwa mkono, na misitu yao ya milimani imesongamana kiasi kwamba mnyama ukimwona keshakuwa karibu. Nimeulizwa habari hizi na vijana wengi, sasa naziandika mara moja.

Kwanza makaratasi, kabla hujaipenda bunduki yoyote. Marekani, mwenye grini kadi ananunua kama raia, akipita ukaguzi. Aliye kwa viza ya muda, mwanafunzi au mgeni, kimsingi haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa awe na kibali kama leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hukohuko. Dukani utajaza fomu namba 4473, na kudanganya humo ni jinai ya shirikisho. Fomu hiyo inauliza hata bangi, na haijali kama jimbo lako limeihalalisha. Inauliza pia kama mnunuzi wa kweli ni wewe. Nalisema hili kwa sababu nawajua watu wetu: kijana hana karatasi, anamwomba kaka mwenye grini kadi amchukulie. Usimchukulie hata kama ni tumbo moja. Utaharibu maisha yako na yake kwa siku moja.

Kanada unapita kozi ya usalama ndipo unapewa leseni ya kumiliki, na leva za kawaida za kuwindia hazimo kwenye kundi la zilizobanwa. Uingereza polisi ndio wanaotoa cheti, na lazima uwe na sababu inayoeleweka. Kwa kulungu wakubwa wa England wanataka kaliba, yaani upana wa risasi, isiyopungua inchi .240 na nguvu ya futi-pauni 1,700 mdomoni mwa mtutu. Ujerumani wana kipimo chao: nguruwe mwitu na kulungu mwekundu wanahitaji risasi yenye nguvu ya joule 2,000 ikiwa imeshafika mita 100, na risasi nyingi za kawaida za .30-30 haziifikii namba hiyo. Wa Ujerumani, soma ubavu wa boksi kabla ya kulipa.

Sasa umbali. Usiniulize kaliba kabla hujaniambia utapiga kutoka wapi. Wazee wetu wa gobore huku Unyamwezi walikuwa na nafasi moja tu. Ukikosa, mpaka ushindilie baruti tena mnyama yuko Sikonge. Kwa hiyo walinyata mpaka hatua thelathini ndipo wakafyatua. Leva ni bunduki ya tabia hiyohiyo, ya msituni na karibu. Nenda mahali utakapokaa, hesabu hatua hadi mti wa mwisho unaoweza kumwona mnyama chini yake. Vijana wengi wananiambia "yadi 200", wakienda kupima wanakuta 70. Na kama umbali wako kweli ni yadi 300 za shamba la mahindi lililovunwa, acha leva, nunua ya bolti, ile ya kukoki kwa kuvuta komeo. Hakuna aibu.

Majina ya kaliba yanatisha, ila yana historia nyepesi. .30-30 ilitoka 1895 kwa ajili ya Winchester ya 1894, kazi ya John Browning. Thelathini ya kwanza ni upana wa risasi, sehemu 30 za mia za inchi, na ya pili ni uzito wa baruti isiyo na moshi, greni 30. .45-70 ni ya jeshi la Marekani ya 1873: upana .45, baruti nyeusi greni 70. .357 Magnum na .44 Magnum zilizaliwa kuwa risasi za bastola, na zikipewa mtutu mrefu zinaongeza mwendo sana.

Ambapo sheria inaruhusu, .30-30 inamtosha kulungu bila mbwembwe. Risasi ya greni 150, kama gramu kumi hivi, inatoka kwa futi 2,390 kwa sekunde. Ukiirekebisha ipige katikati kwenye yadi 100, ikifika 200 itakuwa imeshuka karibu sentimita 20, na huo ndio mwisho wake wa busara. Penye sheria ya ganda lililonyooka, chukua .44 Magnum kwa yadi 100 na ushee. .357 nayo inafaa, ila iache chini ya 100, na inakupa raha moja: inakula pia .38 Special, risasi nafuu na tulivu za kufanyia mazoezi. Kuna .360 Buckhammer ya Remington, iliyotoka 2023 kwa ajili ya majimbo hayohayo. Ni nzuri, ila kwanza uone kama duka la karibu nawe linauza risasi zake.

.45-70 ndiyo iliyoniumbua mimi. Mwaka wangu wa pili kule niliinunua kwa sifa tu, nikijiona mwindaji wa nyati. Muuzaji akanishindilia darubini juu yake, ameifunga nyuma mno, nami sikujua. Risasi ya kwanza, ukingo wa darubini ukanipasua nyusi ya kulia. Alama ninayo mpaka leo, na wajukuu wanaamini niliumizwa na simba. Lakini jeraha lilipona, kilichobaki ni woga. Rafiki yangu mmoja mzee wa Kimarekani akaniambia nimwachie yeye apakie, nigeuke nisione. Nikalenga, nikavuta triga. Tiki. Aliweka risasi bandia. Haukutoka mlio, lakini mdomo wa mtutu ulizama chini kama mtu anayesinzia kanisani. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya kila risasi bila kujua. Niliiuza, nikanunua .30-30 iliyotumika, na kulungu wa kwanza nikampata msimu uliofuata kwa hatua arobaini na tano. Fanya jaribio hilo la risasi bandia na mtu unayemwamini kabla hujaamua kaliba. Bega lako litasema ukweli ambao mdomo wako hautausema.

Jambo moja la leva halina mjadala. Magazini yake ya bomba inapanga risasi kwa mstari, pua ya hii ikigusa fataki, yaani kiwashio cha baruti kitakoni, ya ile iliyo mbele yake. Pua ikiwa ya chuma iliyochongoka, teke la bunduki linaweza kuigeuza msumari, na bomba liko chini ya mkono wako wa kushoto. Tumia pua bapa au butu, au zile za Hornady zenye ncha laini kama mpira zilizotengenezwa kwa ajili hii. Browning BLR ni tofauti, kwa kuwa ina magazini ya sanduku na inakubali risasi zilizochongoka.

Vilengeo ndivyo ningependa mvitilie maanani kuliko kaliba. Bunduki nyingi za leva zinakuja na kilengeo cha nyuma chenye pembe kama za ng'ombe na kijibonge mbele. Kijana wa miaka ishirini na tano kitamtosha. Ukipita arobaini na kidogo, jicho halitaki tena kuona pembe, kijibonge na mnyama kwa mara moja: kimoja lazima kififie. Dawa yake ni kilengeo cha tundu, kijiduara kinachofungwa nyuma karibu na jicho. Hukitazami chenyewe, unatazama kupitia humo, na jicho lenyewe linatafuta katikati. Weka kijibonge juu ya mnyama, basi. Tundu liwe pana kwa kuwindia, maana asubuhi ya Novemba msituni ni giza kama ndani ya tembe. Kwa pesa kidogo namna ile, sijaona badiliko linalomsaidia mtu kuliko hilo.

Darubini si vibaya, ila iwe fupi na ya ukuzaji mdogo, inayoanzia 1 au 2, ifungwe chini kabisa. Ikiwa juu, shavu linaachana na ubao, na unabaki kutafuta picha huku mnyama anaondoka. Winchester za 94 za kabla ya 1982 zinatupa ganda juu, hapohapo ambapo darubini ingekaa, basi hizo ziache na tundu. Marlin 336 inatupa kando, haina tatizo. Ukifunga darubini nunua na kipandikizi kidogo cha nyundo, kile kichuma cha nyuma unachokivuta kwa gumba, la sivyo kidole gumba hakitapata pa kushika.

Kurekebisha: kilengeo cha nyuma kinasogezwa kule unakotaka risasi iende. Inapiga kushoto? Sogeza cha nyuma kulia. Cha mbele ni kinyume chake. Kisha chukua karatasi, chora duara la chapati ndogo, sentimita 15. Umbali ambao unaweza kuweka risasi tano zote ndani ya chapati, ukiwa umekaa au umepiga goti, si umelalia meza, ndio umbali wako wa kuwindia. Kama yadi hazikuingii akilini, mia moja ni mita 91, pungufu kidogo ya goli hadi goli pale uwanja wa Ali Hassan Mwinyi.

Dukani nenda na koti lako la baridi. Huku Tabora hatujui hili. Koti nene linaongeza unene begani, na kitako kilichokukaa vizuri ukiwa na fulana kinakuwa kirefu, kinanasa kwapani. Vaa na glovu uone kama vidole vinaingia kwenye leva. Na uliza inavyotolewa risasi. Nyingi unazitoa kwa kukoki moja moja, yaani kila risasi inapita chemba, mdomo wa mtutu lazima uangalie mahali salama muda wote huo. Kushusha nyundo polepole kwa kidole kilichokufa ganzi kwa baridi ndipo watu wengi wanapoponyokwa. Mimi hiyo kazi naifanya nimetazamisha mtutu ardhini, bila haraka, hata kama wenzangu washapanda gari.

Na swali linalokuja kila Desemba: "Mjomba, niiweke kwenye kontena nije nayo nyumbani?" Hapana. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kibali kinatangulia silaha, na Marekani nako silaha haitoki bila taratibu za kusafirisha nje. Ukija kuwinda kihalali, ingia kwa kampuni ya uwindaji yenye leseni na vibali vya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, wao wanajua njia ya kibali cha muda cha silaha. Na msije mkadanganywa kuhusu Ugalla: tangu 2019 ni hifadhi ya taifa, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Kwa nyati na simba wanataka .375 kwenda juu, kwa hiyo ile leva yako ya .30-30 iache ilale Pittsburgh.

Mpwa wangu alikwenda kuhesabu hatua. Mti wake wa mwisho uko hatua 64. Amechukua .44 iliyotumika, kilengeo cha tundu, na maboksi manne ya risasi za mazoezi badala ya darubini. Juzi kanitumia picha nyingine, safari hii ya karatasi yenye duara la chapati. Matundu manne yamo ndani. La tano nimemuuliza liko wapi. Tiki za bluu zimeshatokea, jibu bado.