Kioo cha mbele kikila jiwe, usikimbilie kubadilisha

Nyie mnaopiga ruti ya Segera-Tanga nyuma ya malori ya kokoto hii inawahusu. Kioo kikila jiwe, pitisha kucha kwa ndani, ukisikia inakwaruza ujue tabaka zote mbili za kioo, la nje na la ndani, zimepasuka, hapo badilisha tu. Ila kama ni kidonda cha nje kisichozidi sarafu ya mia mbili na hakipo usawa wa macho ya dereva, fundi anajaza gundi maalum na hela yake ni ndogo kuliko kioo kipya. Wahi lakini, bandika selotepu vumbi na maji visiingie, na gari likishinda juani pale Raskazone usilimwagie maji ya baridi, ufa unatembea huo mpaka pembeni, ukishafika huko anayekwambia ataziba anataka hela yako tu.