Jinsi ya kukagua taa za PAPI kabla ya ndege ya usiku

Taa ya pembeni mwa njia ya kurukia ikiungua, pengo linaonekana na mnara wa kuongozea ndege unakupigia simu. PAPI, yaani taa zinazomwonyesha rubani kama anashuka kwa pembe sahihi ya kutua, haina wema huo. Zinaweza kuwaka zote nne, ofisini regyuleta (mtambo unaodhibiti mkondo wa taa) ikaonyesha mambo shwari, na bado rubani akawa anadanganywa. Kwa hiyo mimi siridhiki kwa kuona zinawaka.

Kwa fundi mgeni: PAPI ni yale maboksi manne yaliyopangwa mstari mmoja, kwa kawaida kushoto kwa rubani anayetua. La kwanza liko kama mita 15 kutoka ukingo wa njia, mengine yanafuata kila baada ya mita 9. Kila boksi linatoa mwanga mweupe juu na mwekundu chini, ila kila moja limeinuliwa kwa pembe yake. Kwa mteremko wa nyuzi 3, lililo karibu na njia hukaa nyuzi 3 na dakika 30, linalofuata 3 na 10, kisha 2 na 50, la mwisho 2 na 30 (dakika 60 ni nyuzi moja). Rubani aliye sawasawa anaona mbili nyekundu upande wa njia na mbili nyeupe kwa nje. Nne nyekundu: yuko chini mno. Nne nyeupe: yuko juu mno.

Anayetua usiku Entebbe akitokea upande wa ziwani ana giza tupu chini yake. Giza la namna hiyo humfanya mtu ajione yuko juu kuliko alivyo, naye akashuka mapema. Hizo rangi ndizo zinazomrekebisha.

Hatua ya 1: Ruhusa na umeme. Omba ruhusa ya mnara, redio isikuache. Zima mzunguko wa PAPI, funga swichi kwa kufuli, ufunguo utie mfukoni mwako mwenyewe. Taa hizi ziko kwenye mzunguko wa mfululizo, yaani mkondo uleule hupita zote, nao unafika ampea 6.6. Ukichomoa kiunganishi cha waya mkuu umeme ukiwamo, volti nyingi mno hujikusanya pale pale ulipokata. Hapo hakuna ujanja wa "nitafanya haraka".

Hatua ya 2: Macho kwanza. Nyasi zilizorefuka mbele ya lenzi, utando wa buibui, kiota cha nyigu. Angalia miguu na nati. Angalia kichujio chekundu: kikiwa na ufa, mwanga mweupe unapenya mahali palipopaswa kuwa pekundu, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote. Lenzi ioshe kwa maji kwanza, ndipo uifute kwa kitambaa laini. Ukiisugua kavu, vumbi linaikwaruza.

Hatua ya 3: Chuchumaa. Rudisha umeme kwa mwanga wa daraja la chini kabisa. Simama mita 10 mbele ya boksi, kisha jishushe polepole. Utaona nyeupe, halafu ghafla nyekundu. Nasema ghafla. Ukipita kwenye rangi ya waridi inayojivuta-vuta, lenzi ni chafu, ina unyevu, au kichujio kimehama.

Hatua ya 4: Mpira wa maji. Hii nimeiazima kwa mafundi ujenzi. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji, hakikisha hauna mapovu. Ncha moja ishikwe kwenye boksi, maji yakae usawa wa katikati ya lenzi. Ncha nyingine ipeleke kwenye fimbo iliyosimamishwa wima mita 10 mbele, weka alama ya chaki pale maji yanapotulia. Usipime kutoka ardhini, ardhi ina mteremko wake. Sasa shusha jicho kando ya fimbo, mwenzako aweke alama pale rangi inapogeuka. Kutoka chaki ya kwanza hadi ya pili, kuanzia boksi la karibu na njia, utegemee sentimita 61.2, 55.3, 49.5 na 43.7.

Kipimo hiki ni cha kukamata boksi lililopotoka tu. Kufungia pembe kunataka klinomita (kipima mwinamo) ya mtengenezaji, kwa sababu kwa umbali huo dakika moja ya pembe ni kama milimita 3, na jicho la binadamu pamoja na chaki haviwezi kushindana na hiyo.

Nilipoanza kazi, kwenye kiwanja kimoja kidogo, rubani alituambia redioni kwamba mshale wake wa ILS (mtambo wa redio unaoongoza ndege kutua) uko katikati lakini anaona nyeupe tatu. Tukatoka. Taa zote zinawaka, safi. Tukapima: boksi la pili limeinamisha pua kwa dakika 20. Trekta la kukatia nyasi lilikuwa limegonga mguu wa mbele, nati ikalegea, boksi likashuka milimita 3 hivi. Swichi ya kuzima boksi likiinama haikustuka, mwinamo wenyewe ulikuwa mdogo. Na kumbuka upande lilikoinamia: rubani anayeona nyeupe ya ziada hudhani yuko juu, hushuka.

Hatua ya 5: Ukikuta kosa. Mimi huzima zote nne, simwachii rubani tatu za kubahatisha. Mnara ujue, NOTAM (tangazo rasmi kwa marubani) itolewe, ndipo ushike spana. Ukimaliza, pima upya kwa klinomita, kaza nati, rudia kipimo baada ya kukaza, maana kukaza kwenyewe kunasogeza boksi. Andika pembe zote kwenye daftari, hata zisizoguswa.

Hatua ya 6: Umande. Kagua jioni utakavyo, alfajiri lenzi itatoa jasho, nyekundu na nyeupe zichanganyike. Dawa yake ni joto la taa zenyewe, ziwake mapema. Kwa ndege ya saa kumi na moja alfajiri, mimi huziwasha saa kumi na nusu.